Jinsi San Francisco Inavyochunguza Maombi ya Kibali cha Biashara ya Bangi: Mwongozo Kamili kwa Mwombaji

Mtu anayeomba kibali cha kuuza bangi San Francisco hudhani kwamba mji utaanza kwa kumuuliza atauza nini. Haiendi hivyo. Faili lake litapita mikononi mwa maofisa wa mipango miji, wa majengo, wa zimamoto, wa afya, wa polisi, na wa ofisi moja iliyoundwa kwa ajili ya bangi peke yake, na karibu maswali yao yote ni ya namna mbili: jengo liko wapi, na wewe ni nani. Bidhaa yenyewe, yaani vipimo vyake vya maabara, vifungashio vyake na njia yake kutoka shambani hadi dukani, husimamiwa zaidi na jimbo la California. Mwombaji akilielewa hilo mapema, ataliandaa faili lake kwa mpangilio ule ule ambao mji unalisoma, na ataokoa miezi mingi na pesa nyingi za pango.

Nimeuandika mwongozo huu kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi California, ambao baadhi yao wameniuliza kuhusu biashara hii, na pia kwa wale walioko Kenya na Tanzania, ambako bangi bado ni kosa la jinai, lakini wangependa kuona jinsi serikali ya mji inavyolisimamia jambo zito kama hili hatua kwa hatua. Nimechagua San Francisco kwa sababu utaratibu wake umeandikwa kwa kina katika sheria za mji, na mwombaji anayeujua huu hatapata shida kuuelewa wa mji mwingine.

Kabla ya fomu yoyote: hali yako ya uhamiaji

Jambo hili naliweka mwanzo kwa sababu nimeona watu wakilijua mwishoni, wakati halirekebishiki tena. Sheria ya California inairuhusu biashara ya bangi, lakini uraia, kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu) na viza viko chini ya serikali ya shirikisho, ambayo sheria yake ya mwaka 1970 ya kudhibiti dawa haijaihalalisha bangi ya burudani. Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwa maofisa wake ukieleza kwamba kujihusisha na bangi, hata kwa kuajiriwa tu katika biashara yenye leseni halali ya jimbo, kunaweza kumzuia mtu kuthibitisha kwamba ana mwenendo mwema, na bila mwenendo mwema hapati uraia.

Kwa hiyo mtu mwenye kadi ya kijani anayetaka kumiliki duka la bangi, kuwekeza humo au hata kusimama nyuma ya kaunta, aonane kwanza na wakili wa uhamiaji, na amwambie kila kitu bila kuficha. Kibali cha mji hakitamkinga mbele ya ofisa wa uhamiaji. Badala yake kitakuwa ushahidi wa maandishi, wenye saini yake mwenyewe. Ikiwa ndugu zako walioko hapa wamepanga kukuchangia mtaji, na wenyewe hawajapata uraia, mazungumzo hayo na wakili yanawahusu wao pia, kwa sababu nitakazozieleza nitakapofika kwenye suala la fedha.

Kibali cha mji na leseni ya jimbo si kitu kimoja

Wapiga kura wa California waliihalalisha bangi ya watu wazima Novemba 2016, miaka ishirini baada ya kuiruhusu kwa matibabu mwaka 1996, na mauzo kwa watu wenye umri wa miaka 21 na zaidi yakaanza tarehe 1 Januari 2018. Lakini sheria hiyo iliiachia kila serikali ya mji na kaunti mamlaka ya kuisimamia biashara hii katika eneo lake au kuikataa kabisa, na zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California hazikubali maduka ya bangi hadi leo. Ndiyo maana mtu hawezi kwenda moja kwa moja kwa jimbo na kupuuza mji. Katika mwongozo huu, neno kibali linamaanisha ruhusa ya mji, na neno leseni linamaanisha ruhusa ya jimbo, ambayo tangu Julai 2021 hutolewa na idara moja ya udhibiti wa bangi iliyounganisha ofisi tatu za zamani. Mwombaji anahitaji vyote viwili.

San Francisco iliitungia biashara hii sheria yake mwishoni mwa 2017, ikaiweka katika Ibara ya 16 ya kanuni zake za polisi, na ikaikabidhi Ofisi ya Bangi kazi ya kupokea maombi, kuyakagua, na kuyapeleka kwa idara nyingine. Mji una aina mbalimbali za vibali: kulima ndani ya jengo, kutengeneza bidhaa, kupima maabara, kusambaza, kupeleka bidhaa kwa wateja na kuuza dukani. Hapa nitaushikilia mfano wa duka, maana ndilo linalochunguzwa kwa ukali zaidi na ndilo majirani hulijali zaidi.

Hatua ya kwanza: jua kama dirisha liko wazi na foleni inapangwaje

Mji unaweza kusitisha kupokea maombi mapya ya aina fulani ya biashara kwa uamuzi wa madiwani wake, na miji mingi imewahi kufanya hivyo. Uliza Ofisi ya Bangi kwa maandishi, pata jibu kwa maandishi, na ulihifadhi. Usitegemee alichokwambia dalali wa majengo.

Swali la pili ni namna ambavyo mji unapanga nani asomwe kwanza. Miji mingine huwapa waombaji alama na kuchukua wenye alama za juu. Mingine hupiga kura ya bahati nasibu. Na mingine hutazama nani aliwasilisha mapema. Njia hii ya mwisho ina hatari yake. Los Angeles, Septemba 2019, ilifungua mfumo wake wa intaneti saa nne asubuhi kwa waombaji wa vibali 100 vya maduka, kila mmoja akiwania kubonyeza kabla ya mwenzake, na baadaye ikafahamika kwamba baadhi ya waombaji walikuwa wameweza kuingia kabla ya saa hiyo. Malalamiko yalifika mahakamani, mji ukaagiza ukaguzi huru, na watu waliokuwa wakilipia pango la majengo matupu wakisubiri waliumia zaidi ya wote.

San Francisco haikuchagua mbio za namna hiyo. Sheria yake iliweka ngazi za kipaumbele, na ngazi ya juu kabisa ni ya waombaji wa Mpango wa Usawa. Kwa hiyo tarehe uliyowasilisha ina uzito, lakini ina uzito ndani ya ngazi yako tu.

Hatua ya pili: Mpango wa Usawa

Kwa miongo mingi polisi wa San Francisco waliwakamata watu Weusi kwa makosa ya bangi kwa kiwango kisicholingana kabisa na idadi yao katika mji. Bangi ilipohalalishwa, mji ulijiuliza kama ni haki watu wale wale waliofungwa kwa ajili yake wasimame pembeni huku wenye mitaji wakitajirika. Mpango wa Usawa ndio jibu la mji, na mimi naliona kuwa jibu la haki, ingawa utekelezaji wake ni wa polepole mno. Ofisi ya mwendesha mashtaka ya mji huo, kwa upande wake, ilitangaza Februari 2019 kwamba imezitambua zaidi ya hukumu 9,000 za bangi, nyingine za tangu 1975, ili zifutwe.

Mwombaji wa usawa anatakiwa awe mtu binafsi, si kampuni. Mali yake isizidi kikomo kilichowekwa. Na atimize angalau masharti matatu kati ya sita. Masharti hayo ni kuwa na kipato cha kaya kilicho chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha San Francisco. Kuwa aliwahi kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa la bangi kati ya 1971 na 2016. Kuwa na mzazi, ndugu au mtoto aliyepatwa na hayo katika kipindi hicho. Kuwa alipoteza makazi ndani ya mji baada ya 1995 kwa kufukuzwa, kwa nyumba kunyang'anywa na mkopeshaji, au kwa kukatiwa ruzuku ya pango. Kuwa alisoma katika shule za umma za San Francisco kwa miaka mitano kati ya 1971 na 2016. Na kuwa aliishi kwa miaka mitano katika kipindi hicho kwenye maeneo ya mji ambako umaskini ulifikia angalau asilimia 17 ya kaya.

Msomaji aliyehamia San Francisco akiwa mtoto, akasoma shule za umma na wazazi wake wakapanga katika mitaa ya kipato cha chini, huenda anafaa bila kujua. Kinachowakwamisha wengi ni ushahidi. Mji hauridhiki na kauli yako kwamba uliishi mtaa fulani. Unataka rekodi ya shule, hati za kodi ya mapato, mkataba wa pango au barua ya mamlaka ya nyumba, zenye jina lako na anwani. Anza kuzitafuta hati hizi miezi kadhaa kabla, kwa maana kuomba rekodi ya shule ya miaka ya tisini si kazi ya siku moja.

Mji hautaki pia mwombaji wa usawa awe jina la kupamba karatasi huku mwekezaji akishika kila kitu. Ili biashara ihesabiwe kuwa ya usawa, mwombaji huyo lazima awe na angalau asilimia 51 ya umiliki, au asilimia 40 pamoja na cheo cha mkurugenzi mtendaji, au ashike mojawapo ya nafasi nyingine chache zilizotajwa katika sheria. Ofisi huisoma mikataba ya umiliki ukurasa kwa ukurasa, na kifungu kinachompa mwekezaji haki ya kununua hisa zako zote kwa bei ya kutupa kitaonekana. Mpe wakili aisome kabla hujaweka saini.

Hatua ya tatu: jengo, ambalo ndilo moyo wa faili

Hapa ndipo maombi mengi hufa, na hufa kwa sababu ya kukosea mpangilio. Mtu huona duka tupu kwenye barabara yenye watu, akalipenda, akaweka saini ya mkataba wa miaka mitano, halafu ndipo akaanza kuuliza. Ndugu mmoja niliyemsaidia alikuwa amehesabu hatua zake kwa miguu kutoka mlango wa duka hadi lango la shule iliyokuwa mtaa wa nyuma, akaridhika kwamba umbali unatosha. Tulipofungua ramani ya viwanja mbele yake, tukachora mstari kutoka mpaka wa kiwanja chake hadi mpaka wa kiwanja cha shule, mstari ukagusa uwanja wa michezo wa shule hiyo, ambao lango lake halikuwa hata upande ule. Duka lilikuwa ndani ya umbali uliokatazwa. Alikuwa amekwisha kulipa pango la miezi minne.

Kanuni ya San Francisco ni kwamba kiwanja chenye duka la bangi kisiwe ndani ya futi 600, yaani karibu mita 183, kutoka kiwanja cha shule ya umma au ya binafsi, na pia kisiwe ndani ya umbali huo kutoka kiwanja chenye duka jingine la bangi. Hupimwa kwa mstari ulionyooka kati ya viwanja, si kwa njia ya miguu kati ya milango. Sheria ya jimbo inataja futi 600 kutoka shule, vituo vya kulelea watoto na vituo vya vijana, lakini inauruhusu mji kuweka umbali wake. San Francisco imeuweka kwa shule na maduka mengine, ilhali vituo vya vijana huingia kwa mlango mwingine ambao tutaukuta mbele ya Tume ya Mipango Miji katika hatua ya sita. Kumbuka pia kwamba kipimo cha duka jingine si kitu kilichosimama mahali pamoja: mwenzako akiidhinishwa ndani ya duara hilo kabla yako, kiwanja ulichokipima mwaka jana kikafaa kinaweza kisifae tena.

Fanya hivi. Ingia katika ramani ya taarifa za viwanja ya Idara ya Mipango Miji, ambayo iko wazi kwa umma bila malipo, uandike anwani, na uone eneo hilo limetengwa kwa matumizi gani. Katika maeneo mengi ya biashara ya mitaani duka la bangi linahitaji idhini ya matumizi yenye masharti, ambayo hutolewa na Tume ya Mipango Miji baada ya kikao cha hadhara. Katika maeneo ya makazi halikubaliwi kabisa. Ukishajionea mwenyewe, nenda kwenye kituo cha vibali kilichopo nambari 49 South Van Ness, umwulize ofisa wa zamu wa mipango miji, na uandike tarehe na jibu lake.

Baada ya hapo ndipo uzungumze na mwenye jengo. Unahitaji barua yake ya kukubali, yenye saini, inayotaja wazi kwamba jengo litatumika kwa biashara ya bangi. Neno "duka" peke yake halitoshi, wala mkataba unaosema "biashara halali yoyote". Mwombe aangalie mkopo wake wa benki, kwa sababu mikopo mingi ya nyumba ina kifungu kinachokataza shughuli zilizo kinyume na sheria ya shirikisho, na mwenye jengo akigundua hilo baadaye atajitoa ukiwa katikati ya safari. Na mkataba wako uwe na sharti kwamba pango kamili litaanza kibali kitakapotolewa, au kwamba unaweza kuuvunja mji ukikataa. Wenye majengo wengi watalipinga sharti hilo. Usichoke kulidai, hata kama itabidi uongeze kiasi kidogo cha amana, maana uchunguzi huu unaweza kuchukua zaidi ya mwaka mzima.

Hatua ya nne: wamiliki na asili ya fedha

Katika kanuni za jimbo, mmiliki ni kila mtu mwenye asilimia 20 au zaidi ya biashara, pamoja na wale wanaoiongoza. Wote hupigwa alama za vidole na kuchunguzwa rekodi zao za jinai. Kosa la zamani la kupatikana na bangi halitoshi peke yake kuwa sababu ya kunyimwa leseni. Yanayoangaliwa kwa ukali ni makosa mazito ya ukatili, utapeli na ubadhirifu, na kuuza dawa za kulevya kwa watoto au kuwatumia watoto kuziuza.

Kuhusu fedha, sisi watu wa Afrika Mashariki tuna desturi nzuri ambayo katika biashara hii inageuka kuwa mtego. Tunachangiana. Shangazi anatoa dola elfu tatu, wanachama wa chama wanaongeza, rafiki anakopesha kwa neno la mdomo, na hakuna aliyeandika chochote kwa sababu kuandika kungeonekana ni kutoaminiana. Mbele ya kanuni za jimbo, aliyewekeza au kukopesha ana maslahi ya kifedha katika biashara, na anatakiwa kutajwa kwa jina. Kumficha ni kutoa taarifa ya uongo, na kumtaja ni kuliweka jina lake katika kumbukumbu za biashara ya bangi, jambo linaloweza kumletea tabu akiwa bado anatafuta uraia. Kwa hiyo kila senti iwe na karatasi, na kila mchangiaji aambiwe ukweli huu kabla hajatoa.

Jambo dogo linalorudisha mafaili mengi ya watu wetu ni majina. Pasi ya kusafiria ina majina matatu, la mtu, la baba na la babu. Leseni ya udereva imeacha la kati. Benki imeandika Mohammed kwa m mbili. Mkataba wa pango una jina la ukoo ambalo hutumiwa nyumbani tu. Ofisa anayesoma faili hana njia ya kujua kwamba hao wote ni mtu mmoja. Chagua jina lililo kwenye kitambulisho chako cha serikali, ulitumie bila kubadilisha herufi hata moja katika kila hati, na pale ambapo hati ya zamani ina jina tofauti, weka kiapo cha maandishi kinachoeleza.

Hatua ya tano: majirani

Mji unamtaka mwombaji awafikie majirani kabla ombi lake halijaamuliwa, na unataka ushahidi: barua zilizopelekwa, orodha ya waliohudhuria mkutano, maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa. Wengine huifanya kazi hii kama kutimiza wajibu, wakaitisha mkutano mchana wa siku ya kazi na kusikitika kwamba hakuna aliyekuja. Peleka karatasi za mlango kwa mlango, mkutane jioni au Jumamosi, na mtafsiri awepo ikiwa mtaa una wazee wanaozungumza Kichina au Kihispania. Mzee anayeishi ghorofa ya juu ya duka lako haogopi bangi kwa jina lake. Anaogopa foleni chini ya dirisha lake, moshi unaopanda na magari yanayosimama mara mbili barabarani. Mwonyeshe katika mchoro mahali mlinzi atakaposimama na chujio la hewa litakapofungwa, kisha yaandike uliyomwahidi, kwa sababu ahadi hizo zinaweza kuingizwa katika masharti ya kibali.

Hatua ya sita: Tume ya Mipango Miji

Tume ina wajumbe saba, wanne walioteuliwa na meya na watatu na rais wa Bodi ya Wasimamizi, yaani baraza la madiwani wa mji, na hukutana siku za Alhamisi katika jengo la serikali ya mji. Tangazo la kikao hutolewa siku 20 kabla: hubandikwa kwenye jengo lako na hutumwa kwa wakazi na wenye viwanja walio jirani. Usiruhusu tangazo hilo lichanike au lifunikwe na tangazo jingine. Lipige picha mara kwa mara, ili likipingwa uwe na cha kuonyesha.

Waombaji wengi hufika mbele ya Tume wakiwa wamejiandaa kuitetea bangi: faida zake kwa wagonjwa, kodi itakayopatikana, uhuru wa mtu mzima. Muda unapita na hakuna walichojibu, kwa kuwa swali hilo wapiga kura walikwisha kulijibu 2016. Kanuni ya mipango miji inaiuliza Tume jambo tofauti: je, matumizi haya, mahali hapa, ni ya lazima au yanafaa kwa mtaa huu, na yanapatana nao? Kwa maduka ya bangi kanuni inaongeza mambo ya kupimwa: namna maduka hayo yalivyosambaa mjini kote, wingi wake katika eneo la karibu, uwiano wa bidhaa na huduma nyingine zinazopatikana mtaani, ongezeko lolote la vijana kuifikia au kuiona bangi karibu na sehemu wanazokusanyika, na hatua unazopendekeza za kulipunguza ongezeko hilo.

Jenga hoja zako juu ya mambo hayo hayo, moja baada ya jingine. Chukua ramani, weka alama kwenye kila duka la bangi lililo karibu, uonyeshe umbali. Orodhesha biashara zilizopo mtaani, pamoja na maduka yaliyofungwa. Ikiwa kuna kituo cha vijana umbali wa barabara mbili, kitaje wewe mwenyewe kabla hakijatajwa na mpinzani, kisha ueleze hatua zako: vioo visivyoonyesha bidhaa ndani, matangazo yasiyo na picha za kuvutia watoto, vitambulisho kukaguliwa mlangoni kabla mtu hajaingia, na mlinzi kuwa nje saa ambazo vijana hupita. Wananchi hupewa dakika chache kila mmoja, na majirani watatu wanaosema kwa maneno yao wenyewe kwamba ulifika kwao ukawasikiliza watasaidia kuliko washauri watatu wa kulipwa.

Unahitaji kura nne. Hata ukizipata, uamuzi unaweza kukatiwa rufaa mbele ya Bodi ya Wasimamizi ndani ya siku 30, endapo rufaa itaungwa mkono na wenye viwanja wanaomiliki asilimia 20 ya eneo lililo ndani ya futi 300, au na wajumbe watano wa Bodi; na Bodi yenye wajumbe 11 huhitaji kura nane kuutengua. Usivunje ukuta wala kuagiza makabati kabla siku hizo hazijaisha.

Katika ngazi hii, ambapo uamuzi uko mikononi mwa watu wachache na kila mwezi wa kuchelewa unakula akiba yako, atatokea mtu wa kukuambia kwamba anamjua fulani na kwamba kitu kidogo kitaharakisha. Mkatae papo hapo, na uyaandike aliyosema. Katika mji mdogo wa Adelanto, kusini mwa California, aliyekuwa diwani alipatikana na hatia mwaka 2022 ya kupokea hongo ya dola 10,000 iliyohusu biashara ya bangi, na aliyempa alikuwa mpelelezi wa shirikisho aliyejificha.

Hatua ya saba: ujenzi na ukaguzi

Baada ya idhini ya Tume, michoro yako huenda kwa Idara ya Ukaguzi wa Majengo, zimamoto na afya, na mpango wa ulinzi husomwa na polisi. Kila idara hukagua kipande chake, na mchoro uliobadilishwa kwa ajili ya mmoja lazima uwafikie wote. Hakikisha mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia, kufika kaunta na kutoka bila kusaidiwa.

Kwa upande wa ulinzi, jenga kwa kufuata kanuni za jimbo tangu mwanzo, ili usijenge mara mbili: kamera zenye ubora usiopungua pikseli 1280 kwa 720, zinazorekodi saa 24 kwa angalau picha 15 kwa sekunde, na rekodi zinazotunzwa siku 90, king'ora, kufuli za kibiashara, na eneo la kuhifadhia bidhaa lisilofikiwa na wateja. Duka haliruhusiwi kuuza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi wala baada ya saa nne usiku. Wafanyakazi wakifika 10 au zaidi, jimbo linataka uwe na makubaliano ya amani na chama cha wafanyakazi. Ofisi ya Bangi ikiridhika na yote, hutoa kibali, na anayepinga utoaji wake au kunyimwa kwake hupeleka shauri Bodi ya Rufaa ya mji.

Hatua ya nane: jimbo linapouuliza mji

Ombi la leseni hupelekwa kwa jimbo likiwa na dhamana ya dola 5,000, mchoro wa eneo, barua ya mwenye jengo, na ushahidi kwamba sheria ya mazingira ya California imezingatiwa. Ushahidi huo wa mazingira hutokana na uamuzi wa mji, kwa hiyo omba nakala yake mara tu Tume inapomaliza kazi. Jimbo huuandikia mji kuuliza kama mwombaji ametimiza sheria zake, na mji una siku 60 za kazi za kujibu. Mji ukinyamaza, jimbo linaweza kuchukulia kwamba mwombaji ametimiza. Mpigie simu ofisa anayeshughulikia faili lako wiki ile ile unayowasilisha, umjulishe kwamba swali hilo linakuja na kwa jina lipi la biashara, ili lisilale mezani kwa mtu aliye likizo.

Leseni ya jimbo ni ya miezi 12. Kuongeza mmiliki mpya ni lazima kutolewe taarifa, na kubadilisha mpangilio wa jengo kunahitaji idhini kabla ya fundi kuanza kazi, hata kama ni kuhamisha ukuta wa ghala kwa hatua mbili. Tunza nakala ya mchoro ulioidhinishwa pale dukani, kwa sababu mkaguzi akija, jambo la kwanza atakalofanya ni kuushika mkononi na kuulinganisha na chumba anachokiona.